TUTEMBEE INCHI YETU: Kalemie, pahali reli inaishia mu maji

Vakansi inakaribia, na barua za vijana zinarudilia swali moja: twende wapi? Wengine wameona mu sinema watu wa Ulaya wanalala juu ya muchanga, kisha wanavaa miwani, wanabeba chupa ya hewa mu mugongo na kuzama kuangalia samaki. Wanadhani mambo ya namna ile yanapatikana Mombasa ao Zanzibar tu, na kama mutoto wa mufanyakazi wa mugoti atayajua kwa picha peke yake. Hapana. Sisi wa Kabalo tunaona kila mara treni inayotoka Kamina inavuka Lualaba na kuelekea mashariki. Mwisho wa njia ile kuko muchanga, kuko mawimbi, kuko maji yasiyoonyesha ngambo. Na ziwa halilipishi tikiti.

Tuanze na njia. Kutoka Kabalo mpaka Kalemie reli ni kilometa 273. Ilimalizika mu mwaka wa 1915, wakati Kalemie ilikuwa ingali inaitwa Albertville. Treni inapita Nyunzu na Niemba, inafuata bonde la Lukuga, na ni vizuri mukae upande wa dirisha, maana mutoto akijua maana ya mito, safari yenyewe inakuwa masomo. Lukuga ndiyo mulango wa ziwa. Maji ya Tanganyika yanatokea pale Kalemie, yanashuka, na kuingia mu Lualaba chini kidogo ya muji wetu wa Kabalo. Kisha yanakwenda Kongolo, Kindu, Kisangani, mpaka Banana ku bahari kubwa. Kwa hiyo treni inapanda dhidi ya maji yale, na wewe uliye ndani unapanda nayo. Mwaka 1874, Mwingereza Cameron alipofika pale, alikuta mulango ule umezibwa na majani na matope. Miaka michache nyuma yake maji yakavunja kizuizi na kutoka kwa nguvu. Jambo moja la kushangaza: hata mulango ukiwa wazi, sehemu kubwa kabisa ya maji yanayopotea haipiti mu Lukuga. Jua ndilo linaibeba juu.

Neno juu ya tikiti: treni ya kwetu haina saa. Kuna nyakati njia inakatika, kuna nyakati mashini inakosekana. Mbele ya kufunga mizigo muulize ku stasio, na muulize tena kesho yake. Mwenye jamaa kubwa abebe chakula cha siku nyingi kuliko anazozihesabu, na blanketi, maana usiku mu vagon ni baridi. Mwenye makuta atapanda ndege Lubumbashi, lakini yeye hataona Niemba.

Na Niemba si stasio ya kupita ukisinzia. Karibu na pale, tarehe 8 Novemba 1960, askari 9 wa Ireland, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, waliuawa katika mavamizi. Ni pale vilevile alikufa Aimé Behaeghe, Mubelgiji aliyeendesha ndege juu ya ziwa wakati wa vita vya kwanza; alikufa kwa ugonjwa mu Desemba 1916. Stasio ndogo, watu wanauza ndizi na mihogo ku dirisha, na ardhi ile inakumbuka watu waliotoka mbali sana.

Sasa nije ku hadisi inayotuhusu sisi wa migoti zaidi ya wengine, na ambayo nashangaa haifundishwi mu masomo yetu. Mu mwaka wa 1915 Wajeremani walikuwa na meli za vita mu Tanganyika, na Wabelgiji hawakuwa na kitu cha kuzikamata. Waingereza wakapakia mashua 2 za mbao, urefu wa kila moja kama mita 12, majina yao Mimi na Toutou. Zilitoka London kwa meli mpaka Cape Town. Toka pale treni, wiki nzima na zaidi, mpaka pahali reli ilikuwa inaishia. Na pahali pale palikuwa wapi? Fungurume! Ndiyo, Fungurume ya shaba, pahali wengi wenu munasomea gazeti hili. Reli ilikuwa haijafika Bukama. Ilifika mu 1918.

Basi, kutoka Fungurume mashua zikavutwa juu ya inchi kavu. Trakta 2 za moshi zikavuta, na zilipokwama wakafunga ng'ombe, na ng'ombe waliposhindwa watu wakashika kamba. Walipanda milima ya Mitumba, zaidi ya mita 1,800 juu. Walikata miti, walijaza mabonde, walijenga madaraja zaidi ya 100. Maji ya trakta yalibebwa ku kichwa, na mara nyingi waliobeba ni wamama. Walichukua zaidi ya mwezi mpaka Sankisia, wakapanda treni ndogo mpaka Bukama, wakashuka Lualaba mpaka hapa Kabalo, kisha reli mpya mpaka ku ziwa. Walifika mwisho wa Oktoba 1915. Vitabu vinataja jina la mukubwa wao, Geoffrey Spicer-Simson, na vinataja hata sketi aliyoipenda kuvaa. Wale waliokata miti na kubeba maji, mababu wa Fungurume, wa Bukama, wa Kabalo, hakuna aliyeandika majina yao. Mwenye babu aliyesimulia kitu juu ya mashua juu ya milima, amuandikie muhariri. Si mzaha.

Tarehe 26 Desemba 1915 ilikuwa siku ya Mungu. Waingereza walikuwa wanasali wakati meli ya Wajeremani, Kingani, ilipoonekana. Wanasema mukubwa hakukata sala; alimaliza kwanza, kisha wakashuka ku mashua. Vita vilikwisha mu dakika chache, na Kingani ikaletwa ku pwani kama samaki. Waholoholo, wenyeji wa pale, walijaa juu ya vilima kuangalia. Tarehe 9 Februari 1916 meli ya pili, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa. Ya tatu na kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, Wajeremani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma mu Julai 1916, lakini mbele ya kuizamisha walipakaa mashini mafuta mazito. Waliwaza kurudi. Waingereza waliiinua mu 1924, na kutoka 1927 ikaanza kubeba watu kwa jina la Liemba. Ukisimama ku bandari ya Kalemie, pale reli zinapoingia karibu kabisa na maji, uonyeshe watoto wako vilima na uwasimulie. Hakuna mulango wa kulipa, hakuna mwongozi. Wewe baba ndiwe mwongozi.

Muji wenyewe munauzunguka kwa mguu. Tangu 2015 Kalemie ni muji mukubwa wa jimbo la Tanganyika. Mutaona majengo ya kiwanda cha Filtisaf, kilichovalisha mama zetu pagne kwa miaka mingi mbele ya kufungwa. Wazee wa kule wakikiongelea, sauti inabadilika, sawa wale wa kwetu wakiongelea Gécamines ya zamani. Wachimbaji watapenda kujua kama karibu na muji, kule Makala, walikuwa wanachimba makaa ya mawe. Na moto wa umeme unatoka Bendera, ku maporomoko ya muto Kiymbi. Mutaona vilevile nyumba zilizoharibiwa na maji. Mu 2020 Lukuga ilifurika, na mu 2024 ziwa lenyewe lilipanda hata kuingia mu nyumba za watu, Kalemie, Uvira, mpaka Bujumbura. Kwa hiyo mutu akiwaambia «kule kulikuwa plaji nzuri», mwende muangalie kama plaji ingali pale.

Sasa tuingie mu maji, maana ndilo jambo vijana walingoja.

Tanganyika si ziwa la kawaida. Urefu wake ni kilometa 673, na chini linafika mita 1,470. Duniani pote ni ziwa la Baikal tu, kule Urusi, linalolipita kwa kina. Lakini kutoka mita 200 hivi kwenda chini hakuna hewa ya kupumua hata kwa samaki. Uhai wote unakaa juu. Na ni pale juu, pahali hata mutoto anaweza kufika, ambapo uzuri wote uko. Acheni muchanga wa muji, mutembee mpaka pahali pa mawe, pahali maji yanaangaza. Mukiwa na miwani ya maji, ile ya vioo inayofunika pua, muweke uso tu ndani ya maji, hata bila kuzama. Mutaona samaki wadogo wa rangi ya njano, ya bluu, wenye mistari sawa punda milia. Ziko aina zaidi ya 200 za jamaa ile moja, na karibu zote hazipatikani pahali pengine duniani. Watu wa Ulaya wanawanunua kwa bei kali kuwaweka mu nyumba ndani ya sanduku la kioo. Wewe unawaona bure.

Muwaangalie vizuri. Kuko mama anayebeba mayai mu kinywa, hali kitu wiki nyingi, na watoto wakiisha kutoka, hatari ikija wanakimbilia tena mu kinywa chake. Kuko wengine, wadogo kama kidole, wanaokaa mu ganda la konokono aliyekufa. Kila moja na ganda lake juu ya muchanga, na jirani akikaribia wanapigana sawa watu wa parcelle moja. Katekista mwenye kutafuta mufano wa mama na watoto yake hana haja ya kwenda mbali.

Kuzama na chupa ya hewa ni kazi nyingine, inayofundishwa na mwalimu, kwa siku nyingi. Ngambo ya kusini, mu Zambia, upande wa Nsumbu, wageni wanazama hivyo. Kijana wa kwetu anazama na pumzi yake mwenyewe, na ni juu ya hiyo nataka kusema wazi, maana kila vakansi kuko nyumba inayolia.

Vijana wanapenda mashindano: nani atakaa chini ya maji zaidi? Mbele ya kuzama wanapumua haraka haraka, mara 20, mara 30, wanasema wanajaza hewa. Ni uongo unaoua. Kinachokusukuma kupanda juu kupumua si ukosefu wa oksijeni, ni wingi wa ile hewa chafu tunayotoa, gazi karboniki. Ukipumua haraka unaitoa yote, na mwili unanyamaza. Uko chini, unajisikia vizuri, hauna haraka. Wakati ule oksijeni inakwisha, na unazimia bila kuonywa na kitu. Hupigi kelele, hurushi mikono. Wenzako wanahesabu: 60, 70, 80, wanashangilia. Wanamushangilia maiti. Wazazi, mukiona muchezo huu, muukate palepale, hata kama vijana watawaita wazee wa zamani. Mwenye kuzama avute pumzi 2 ao 3 za polepole tu, na rafiki yake abaki juu, macho kwake, bila kuzama wakati mumoja naye.

Masikio nayo yanaumia kutoka mita 2 ao 3, kwa sababu maji yanakandamiza. Ukifunga pua na kupuliza polepole ndani yake, yanafunguka. Yasipofunguka, panda. Mwenye mafua asizame kabisa.

Tena, musioge karibu na pahali Lukuga inapotoka. Juu maji yanaonekana yametulia, lakini yanavuta, na mamba wanajulikana kule. Muulize wavuvi, si watoto: «Baba, hapa batu banaoga?» Akisita kujibu, mumepata jibu.

Mutu akizama mbele yenu, musirukie mu maji kumukamata. Mwenye kuzama anapanda juu ya yeyote anayemukaribia, na mutapoteza wawili. Hapa nawapa dawa isiyo na bei: bido ya njano ya litri 20, tupu, kifuniko kimefungwa nguvu, na kamba mita 15 ku mukono wake. Inaelea na inabeba mutu mzima akiikumbatia. Umutupie, umuvute. Jamaa inayokwenda ku ziwa na watoto bila bido ile, heri ibaki ku muchanga na kula ndizi. Na zaidi ya bido, mufundishe watoto kuogelea mbele ya vakansi. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuko piscine tangu zamani, lakini ni wachache wanaojua kuogelea. Wazazi wengi wanaogopa maji na wanarisisha watoto woga ule kuliko ujuzi.

Watu watawaambia mupande bwato kwenda Moba ao Mpala, na kweli ni safari ya kutamanisha. Mpala ilianzishwa na Émile Storms mu 1883, na kutoka 1885 ikawa misioni ya Mapadri Weupe. Ni inchi ile ilimulea Stefano Kaoze, aliyepadirishwa mu 1917, padri wa kwanza wa Kongo katika wakati huu mupya. Lakini muangalie bwato mbele ya kuangalia ziwa. Mu Desemba 2014 meli Mutambala ilizama upande wa Kalemie, imejaa watu na mizigo, upepo ukiwa mukali. Watu 129 walikufa. Ilikuwa usiku. Kwa hiyo ninawaomba, ninyi munaopenda watoto wenu: musipande balenieri ya usiku, hata kama bei yake ni nusu. Musipande kama maji yanakaribia ukingo. Mudai jile kwa kila mutu, na muivae, musiikalie kama kiti. Kapita akicheka na kusema «Mama, unaogopa nini, Mungu iko», umujibu kama Mungu amekupa macho vilevile, na ushuke. Kutoka Mei mpaka Septemba upepo wa kusini-mashariki unasukuma mawimbi upande wetu, na vakansi yenu kubwa inaangukia mulemule. Makuta yakipotea, yatapatikana.

Usiku, kama mwezi hauko, mukae ku muchanga muangalie mbele. Mutaona muji mwingine mu maji, taa mamia. Ni wavuvi wa ndagala. Samaki wale wadogo wanafuata mwangaza, na wavu unawapandisha. Mwezi ukiwa mukubwa taa hazina nguvu, na wavuvi wanapumzika. Inchi 4 za ziwa, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilipatana vilevile uvuvi ufungwe miezi 3 kila mwaka, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazae. Basi mwenye kufika mu Julai asikasirike akikosa bukari na mukebuka wa jana usiku. Akule ndagala kavu, na asimulaumu mama wa soko. Wazee wa kule wanajua ni samaki ngapi ziwa lilikuwa linatoa zamani.

Maji ya kunywa muchemshe, hata yakiwa meupe sawa kioo. Kipindupindu kinajulikana Kalemie tangu miaka mingi, na ziwa ndilo linafulia, linaogea na kunywesha watu. Mubebe sabuni. Kwa kulala, mumuombe padri ao pastere wenu barua kwa wenzake wa Kalemie mbele ya kuondoka. Mara nyingi nyumba za misioni zina kitanda cha bei inayosikilika. Mufike na chandarua.

Siku ya kurudi, mununue ndagala ku soko asubuhi. Mushike konzi moja, muipepete juu ya karatasi nyeupe: muchanga ukianguka mwingi, munalipia muchanga. Ndagala nzuri inang'aa sawa feza na haina harufu ya moshi. Muifunge mu mufuko wa kupumua, si plastiki, juu treni yetu, kama nilivyosema, haina saa.

Mwezi ujao, Mungu akitupa uzima, tutashuka Lualaba mpaka Kongolo, kuangalia pahali muto unapobanwa na mawe.